Shahidi wa Kimondo

Kimondo kikubwa kinapopasua anga la usiku, maelfu hukiona, na karibu kila mmoja huapa kwamba kimeangukia nyuma ya kilima kile pale. Kwa kiapo hicho wasomi hupata sababu ya kupuuza ushuhuda wa watu wa kawaida, maana kimondo huwaka kikiwa makumi ya kilomita juu. Lakini macho yalipokea mwanga na upande wake tu, umbali hayakuupokea. Kilima kimeongezwa na akili. Shahidi hakukosea kuona, alikosea kuhitimisha.

Kosa hilohilo limewapata wasomi wenyewe. Mwaka 1768 jiwe lilianguka Lucé, Ufaransa, mbele ya wakulima. Lavoisier na wenzake wa Akademia ya Sayansi walilichunguza, wakaamua kwamba ni jiwe la ardhini lililopigwa na radi. Waliona gamba lililoungua. Radi waliiongeza wao. Wakulima wasio na maabara walikuwa karibu zaidi na ukweli. Kisha, tarehe 26 Aprili 1803, mawe yapatayo 3,000 yalianguka karibu na L'Aigle, na Jean-Baptiste Biot akatumwa kuchunguza. Hakutafuta shahidi asiyekosea (hayupo). Aliwahoji watu wa kazi na hali mbalimbali, wasio na sababu ya kula njama, akayapima maneno yao kwa mahali mawe yalipotapakaa.

Mtu atasema: hata watu elfu huweza kukosea pamoja. Kweli, na kuhusu vimondo hukosea pamoja hasa, kwa kuwa wote husema kiko karibu. Ila kosa hili hujifichua lenyewe. Wa kijiji hiki akisema kimeangukia mashariki kwake, na wa wilaya ya mbali akasema magharibi kwake, mahali walipopataja hapapatani, lakini pande walizoonyesha hukutana juu angani. Mwingine atasema kamera zimemaliza mjadala. Tarehe 7 Aprili 1959 kimondo kilipigwa picha Czechoslovakia, vipande vinne vikaokotwa karibu na Příbram, na njia yake ikafuatwa hadi kwenye asteroidi zilizo kati ya Mirihi na Mushtarii. Hilo liliwezekana kwa sababu picha zilipigwa kutoka vituo viwili. Kamera moja, ikiwa peke yake, haijui umbali kumshinda mchungaji wa mifugo.

Basi ukiona kimondo, andika saa, mahali uliposimama na upande kilikozimikia. Maoni yako yaandike mstari wa pili.