Kinywa cha Mchezaji: Je, Matusi Huufaa Mchezo?



Siku ya Dominika, Misa ikiisha, vijana wa vijiji vingi vya Kasongo na vya Kabambare hukusanyika uwanjani kucheza mpira. Watu huja kutoka ng'ambo ya mto, wazee huketi chini ya mwembe, watoto hujipanga kandokando ya mistari. Mchezo wenyewe ni wa miguu, lakini midomo nayo haikai bure. Mmoja humwambia mwenzake kwamba hajui kitu. Mwingine humcheka yule aliyeanguka. Wa tatu hutaja kabila la mtu, au mama yake mzazi. Ndipo huzuka swali ambalo wakatekumeni hutuletea mara nyingi: mchezaji mwenye kinywa kichafu anausaidia mchezo, au anauharibu?

Swali hili si dogo. Mtu anayejifunza njia ya Mungu hawezi kuiacha kando ya uwanja pamoja na shati lake. Basi na tulichunguze kwa utaratibu. Tutaanza na maneno ya wale wanaoyatetea matusi, maana si haki kumhukumu mtu kabla ya kumsikia.

WANAOYATETEA HUSEMA NINI

Husema kwanza kwamba shindano ni vita vidogo, na katika vita moyo wa adui ukivunjika, mkono wake nao hulegea. Husema pili kwamba maneno makali huupasha mchezo moto, na watazamaji huja wengi. Husema tatu kwamba maneno si kitu, ni upepo tu. Filimbi ya mwisho ikilia, kila mtu hurudi kwake.

Tena wana mfano mkubwa, uliotokea katika nchi yetu wenyewe. Tarehe 30 Oktoba 1974, nchi ikiitwa Zaïre, Wamarekani wawili, Muhammad Ali na George Foreman, walipigana ngumi mjini Kinshasa kuwania ubingwa wa dunia. Uwanja ule leo huitwa Tata Raphaël, kwa heshima ya padri wa Scheut, Raphaël de la Kethulle, aliyefariki mwaka 1956 baada ya kuwajengea vijana wa Léopoldville shule na viwanja vya michezo. Ali alikuwa bingwa wa maneno. Mwenyewe alisimulia kwamba alijifunza majivuno yale kwa mwanamieleka mmoja, Gorgeous George, ambaye alijaza kumbi kwa kujisifu, kwa kuwa watu walilipa fedha ili wamwone akipigwa. Kule Kinshasa Ali alimdhihaki Foreman majuma mengi, hata umati ukaimba kwa Kilingala: Ali, boma ye, yaani Ali, muue. Na katika raundi ya 8 Foreman alianguka. Wanaoyatetea matusi husema: mnaona? Maneno yameshinda.

JE, NI MANENO YALIYOSHINDA?

Tutazame vizuri. Katika pambano lile Ali aliegemea kamba za ulingo, akajikinga uso kwa mikono, akamwacha Foreman apige na kupiga mpaka nguvu zikamwishia. Tena alivumilia mapigo mazito mbavuni. Ni kweli kwamba alikuwa akimsemesha Foreman sikioni wakati huo wote, na huenda maneno yale yalimwongezea Foreman hasira ya kupiga ovyo. Lakini kama si uvumilivu, akili na mazoezi, maneno yale yangeishia sakafuni pamoja na msemaji wake.

Twajuaje? Twajua kwa sababu Ali huyo huyo alimtukana mtu mwingine akashindwa. Tarehe 8 Machi 1971, mjini New York, alipigana na Joe Frazier. Alikuwa amemdhihaki Frazier kwa maneno mabaya kabla ya siku ile, akimwita kibaraka wa wazungu. Frazier hakujibu kwa maneno mengi. Alimwangusha Ali katika raundi ya 15, na waamuzi wote wakampa ushindi. Basi kama tusi lingekuwa dawa ya ushindi, dawa ile mbona haikufanya kazi? Tusi laweza kumsumbua mtu, na laweza pia kumzidishia bidii. Mwenye kulitumia hajui litaangukia upande gani.

DENI LINALOBAKI

Sasa lile neno la tatu, kwamba maneno ni upepo. Frazier alikuwa amemtendea Ali mema. Ali aliponyang'anywa ubingwa mwaka 1967 na kuzuiwa kupigana, Frazier alimtetea ili arudishiwe ruhusa, tena alimsaidia kwa fedha. Malipo yake yakawa kuitwa sokwe mbele ya dunia nzima, kabla ya pambano lao la tatu, huko Manila, tarehe 1 Oktoba 1975. Ali alishinda siku ile. Lakini Frazier alibaki na uchungu kwa miaka mingi mno. Mwaka 2001 Ali aliliambia gazeti moja la New York kwamba alisema mengi ambayo hakupaswa kuyasema, akaomba radhi. Miaka 26 ilikuwa imepita tangu Manila. Mapigo ya mwili yalipona zamani. Lile neno moja lilikuwa bado linauma.

Foreman, kwa upande wake, alisamehe. Alikuja kuwa mhubiri, akapatana na Ali. Na mwaka 1997, Ali akiwa tayari amedhoofishwa na ugonjwa, Foreman alimshika mkono kumsaidia kupanda jukwaani mbele ya watu. Sifa ya jambo hilo ni ya aliyesamehe. Aliyetukana hawezi kuihesabu kuwa faida ya matusi yake.

Na ule wimbo wa Kinshasa, tuupime pia. Foreman alikuwa mgeni katika nchi yetu, hakuwa amemwibia mtu wala kumwua mtu. Umati ulifundishwa kuimba auawe, na uliimba kwa furaha. Wengi watasema lilikuwa neno la mchezo tu. Lakini Bwana wetu Yezu Kristu, alipoieleza amri ya tano, hakuishia kwenye upanga. Alishuka mpaka kwenye hasira ya moyoni na tusi la mdomoni. Alijua kwamba mto mkubwa huanzia kwenye chemchemi ndogo.

KOSA LA ANAYETUKANA NA KOSA LA ANAYEJIBU

Mfano mwingine hujulikana na kila mpenda mpira. Tarehe 9 Julai 2006, mjini Berlin, Italia na Ufaransa zilicheza fainali ya Kombe la Dunia. Zinédine Zidane alifunga goli la Ufaransa, Marco Materazzi akasawazisha kwa kichwa. Wakati wa nyongeza, Materazzi alitoa neno la kumtukania Zidane dada yake. Zidane akageuka, akampiga kichwa kifuani, akapewa kadi nyekundu, na huo ukawa mchezo wake wa mwisho. Italia ilishinda kwa penalti, 5 kwa 3.

Hapa twajifunza mambo mawili. La kwanza: magoli yote mawili ya mchezo ule yalifungwa na watu hao wawili, lakini waulizeni watu leo wanakumbuka nini. Hawakumbuki magoli, wanakumbuka tusi na kichwa. Ustadi wao wote ulifunikwa na jambo moja la aibu, na walioadhibiwa baadaye na FIFA ni wote wawili. La pili: tusi ni mtego, na anayejibu kwa ngumi amejiingiza mtegoni kwa miguu yake mwenyewe. Aliyeanza ana kosa, naye aliyerudisha hakosi lake. Kwa hiyo, ndugu mkatekumeni, ukitukanwa uwanjani, jibu lako la kwanza ni kukaa kimya, na la pili ni kucheza vizuri zaidi.

MPINZANI NI NANI?

Shina la jambo lote ndilo hili. Mtu hawezi kucheza bao peke yake. Lazima mwingine aketi upande wa pili. Timu moja haiwezi kufanya shindano. Lazima ije nyingine. Basi mpinzani si mwizi aliyekuja kutunyang'anya mchezo. Yeye ni nusu ya mchezo, naye ndiye anayetupatia nafasi ya kujua nguvu zetu. Ukimshinda mtu hodari, ushindi wako ni wa heshima. Ukimwita mpinzani wako takataka kisha ukamshinda, umeshinda nini? Umeshinda takataka, kwa neno lako mwenyewe. Na akikushinda yeye, je, wewe utaitwaje?

Tena shindano hupima jambo fulani: mpira hupima miguu na akili, bao hupima hesabu. Anayeshinda kwa kumwumiza mwenziwe moyo amelikimbia pimo lile. Ndiyo maana sheria za mpira zenyewe, katika kanuni ya 12, zinaruhusu mwamuzi kumtoa uwanjani mwenye matusi, kama vile anavyomtoa mwenye kupiga.

UTANI NA TUSI

Mtu ataniuliza: basi, mwalimu, tucheze kimya kama walio makaburini? La. Mtakatifu Tomasi wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa katika karne ya 13, alifundisha kwamba roho huhitaji mchezo ili ipumzike, kama mwili unavyohitaji usingizi. Alifundisha pia kwamba tusi humwondolea mtu heshima, na dhihaka humtia haya. Lakini neno jepesi la kuchangamsha, lisemwalo kwa kiasi na bila nia ya kumhuzunisha mtu, laweza kuwa halina dhambi.

Wazee wetu walilijua hilo kwa njia yao. Katika makabila mengi ya Afrika ya Mashariki kuna utani: watu wa ukoo huu na wa ukoo ule huruhusiwa kuambiana maneno ambayo mwingine angeyapigania. Lakini utani una masharti. Pande zote mbili zimekubaliana. Anayetania leo hutaniwa kesho bila kukasirika. Na siku ya msiba, mtani ndiye anayekuja kusaidia kazi za mazishi. Basi mpimeni mchezaji mwenye maneno mengi kwa pimo hilo. Je, mwenziwe anacheka naye? Je, yeye mwenyewe hukubali kuchekwa? Je, mwenziwe akivunjika mguu, atakuwa wa kwanza kumbeba? Kama ndiyo, huyo ni mtani, na mchezo unamfurahia. Kama sivyo, huyo ni mtukanaji, hata kama watazamaji wanampigia makofi.

NENO LETU WATU WA KASONGO

Sisi hapa tuna sababu nyingine ya kujihadhari. Katika karne ya 19 Kasongo ulikuwa mji mkubwa wa wafanyabiashara waliotoka pwani. Tippu Tip alikuwa na makao yake huku, na pembe za ndovu pamoja na watumwa walipelekwa mpaka Ujiji na Zanzibar. Mji ulitekwa na majeshi ya Leopold mwezi wa Aprili 1893, na biashara ile ilikwisha. Lakini wajukuu wa wale waliokamata na wajukuu wa wale waliokamatwa wanaishi pamoja mpaka leo, wanaoana, na wanacheza timu moja. Mahali kama hapa, kumwita mtu mtumwa kwa sababu ya mpira uliopita kati ya miguu yake ni kulifukua kaburi. Na miaka ya vita imetufundisha kwamba lile tusi la kabila hutangulia, panga likafuata nyuma.

Kesho yake Jumatatu, yule uliyemtukana mtakutana sokoni, au katika mtumbwi mmoja, au mlangoni pa daktari. Labda dada yake atakuwa mke wa kaka yako. Uwanja una mistari minne, lakini neno halijui mistari.

TUFANYE NINI?

Kwanza, nahodha awe wa kwanza kumnyamazisha mchezaji wake, asimwachie mwamuzi kazi hiyo. Pili, watazamaji wasicheke tusi, kwa maana mtukanaji huishi kwa vicheko vyao. Tatu, mwalimu wa shule amtoe mtoto anayetukana, hata kama ndiye mfungaji bora. Timu ikifungwa siku moja, watoto watakuwa wamejifunza jambo la miaka yote. Nne, wale wanaocheza kwenye simu na watu wasiowaona wajihadhari zaidi, kwa sababu hawauoni uso unaoumia. Tano, mchezo ukiisha, timu zipeane mikono, na aliyekosa kwa mdomo aombe radhi siku ile ile. Asingoje miaka 26.

Mtakatifu Paulo alilinganisha maisha ya Mkristo na mbio za uwanjani, kwa kuwa aliona kwamba shindano jema hufundisha kujitawala. Mwanariadha hutawala tumbo lake na usingizi wake. Na autawale ulimi wake pia, maana ndio ulio mgumu kuliko vyote.

MASWALI YA KUFIKIRI

1. Kwa nini mpinzani huitwa nusu ya mchezo?
2. Utani na tusi hutofautianaje?
3. Katika kijiji chako kuna neno gani ambalo halifai kusemwa uwanjani kamwe, na kwa sababu gani?