Mkuu wa Watu Kumi

Siku hizi vijana wetu wasikia maneno mengi juu ya kupanda cheo. Wakurugenzi wa mabenki na wenye viwanda huitwa mbele ya wanafunzi, nao husimulia jinsi walivyoanza hawana kitu hata wakafika hapo walipo. Huwaambia: amkeni mapema, timizeni ahadi, jifunzeni kila siku, msikate tamaa mkishindwa. Maneno hayo ni mema, na Kanisa halina ugomvi nayo. Mtakatifu Paulo mwenyewe alishona mahema kwa mikono yake, akawakemea Wathesalonike waliokaa bure wakila jasho la wenzao. Mvivu asijifiche nyuma ya dini.

Lakini mzazi wa Litapunga, kule Nsimbo mkoani Katavi, akiyasikia maneno hayo hana budi kuuliza: mwanangu atapanda ngazi ipi? Huko hakuna jumba la ghorofa lenye afisi ya mkurugenzi. Watu hulima mahindi na tumbaku, na katika nchi ile ya Mpanda wako wanaochimba dhahabu. Vyeo vilivyo karibu nao ni ukatibu wa chama cha msingi, usimamizi wa shimo, ualimu mkuu, uweka hazina wa kikundi cha akina mama. Tena si huko tu. Wengi wa wasomaji wetu, wa mijini na wa mashamba, hawatapewa amri juu ya watu elfu; watapewa juu ya watu kumi. Basi leo twataka kusema nao hao.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, twasoma habari za Musa aliyeketi tangu asubuhi hata jioni akiwaamua watu, na watu wamesimama wakimngoja. Mkwewe Yethro akamwambia wazi kwamba jambo hilo si jema: atajichosha yeye, na watu pia watachoka. Akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Na ni watu wa namna gani? Wenye uwezo, wanaomcha Mungu, wa kweli, wanaochukia mapato ya udhalimu. Angalieni vema: sifa hizo zatakiwa kwa wote sawasawa. Yethro hakusema kwamba mkuu wa kumi, kwa kuwa cheo chake ni kidogo, asamehewe kidogo katika hesabu. Tena angalieni kwamba Musa, mtu aliyesema na Mungu, alikubali kufundishwa kazi na mkwewe, kuhani wa Midiani. Wakubwa wangapi leo wangekubali?

Hata hao waliofanikiwa katika nchi yetu, tukichunguza habari zao, twaona mambo madogo yaliyowatangulia. Marehemu George Kahama, aliyefariki mwaka 2017, alikuwa waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere, kisha akaliongoza Shirika la Maendeleo la Taifa. Lakini kabla ya uhuru alikuwa meneja wa chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Bukoba. Kazi ile ni ya magunia ya kahawa na mizani, na mkulima asimama mbele yako akiuliza: kilo zangu ni ngapi, na fedha yangu iko wapi? Marehemu Reginald Mengi, aliyefariki mwaka 2019, alizaliwa Machame katika nyumba ya kimaskini, akasomea uhasibu Uingereza, akapata cheo kikubwa katika kampuni ya wahasibu. Siku zile bidhaa zilipoadimika nchini, mtu huyo mwenye cheo hakuona haya kuketi nyumbani kwake akiunganisha vipande vya kalamu ili aziuze. Alikuwa Mlutheri, si wa Kanisa letu, lakini mfano mwema hauulizwi umebatizwa wapi.

Na cheo chenyewe, wapenzi, si nyumba ya mawe. Wazee wa Mpanda wawajua watu waliofanya kazi katika mgodi wa risasi. Kwa ajili ya mgodi ule reli ilijengwa kutoka Kaliua, ikapita porini hata Mpanda. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa, na vyeo vyote vya mgodini vikafungwa pamoja nao. Reli ikabaki, na hata leo yachukua abiria.

Sasa tumtazame mkuu wa kumi kazini. Kijana ameingia shimoni akachimba kwa miaka, akala vumbi, akalala chini ya turubai. Siku moja mwenye shimo amwita na kumwambia: tangu leo wewe u msimamizi. Apewa daftari na kalamu. Je, atafanyaje? Mara nyingi, twasema kwa huzuni, huwa mkali kuliko mwenye shimo mwenyewe. Yeye ajua wenzake huchoka saa ngapi, na kwa ujuzi huo awabana. Mifuko ya mawe igawanywapo, mmoja wapotea. Aliyeumwa siku mbili aandikwa tatu. Mwenye shimo hajui, na wachimbaji waogopa kusema, kwa maana kesho watafukuzwa. Ndiye yule mtumishi wa Injili aliyesamehewe deni kubwa, kisha akatoka nje akamkaba koo mwenzake kwa deni dogo.

Katekisimu yataja dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni, na moja yao ni kumnyima mfanyakazi ujira wake. Baba Mtakatifu Leo XIII aliikumbusha dunia jambo hilo katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi. Wengi wetu tukisikia barua hiyo twafikiri yawahusu matajiri wa Ulaya na viwanda vyao. La hasha! Yamhusu pia mwenye shamba la tumbaku anayemwambia kibarua aje kesho, na kesho yake, na kesho kutwa. Yamhusu mama mwenye hoteli ndogo anayemtuma binti wa kazi tangu alfajiri, na mwisho wa mwezi amwambia kwamba chakula alichokula ndicho mshahara.

Wako watakaotujibu kwa mfano wa Yozefu mwana wa Yakobo, aliyetoka utumwani na kifungoni akawa wa pili wa Farao. Mfano huo ni mzuri, nasi twaupenda. Aliweka akiba miaka saba, akaokoa watu na njaa. Lakini someni na sura ya 47 ya kitabu cha Mwanzo. Watu waliokuja kununua nafaka walitoa fedha, kisha mifugo, kisha mashamba na nafsi zao, na vyote vikawa vya Farao. Maandiko hayafichi neno hilo. Hata msimamizi mwenye akili na mcha Mungu aweza kumtajirisha bwana wake kuliko ilivyowafaa watu.

Twapenda sana desturi moja ya vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, ambavyo akina mama wengi wamo. Sanduku la fedha lina kufuli tatu, na funguo zake zakaa kwa watu watatu mbalimbali. Haliwezi kufunguliwa ila mbele ya wote, na fedha yahesabiwa kwa sauti. Wengine hudhani kufuli hizo ni dalili ya kutoaminiana. Sisi twaona ni huruma: mweka hazina ambaye mtoto wake ni mgonjwa usiku hajaribiwi, maana ufunguo mmoja haufungui kitu. Msimamizi wa shimo na katibu wa ushirika waweza kufanya vivyo hivyo. Daftari lisomwe mbele ya wachimbaji wote kila Jumamosi. Mizani ipimwe mkulima akiitazama. Anayedaiwa ujira wa juma alipe kabla ya Misa ya Jumapili, na asiyeweza kulipa yote aende kwa mtu wake, amwambie siku atakayolipa, naye aiandike siku hiyo mbele yake.