Gizani, Nani Anamwongoza Mwenzake?

Katika toleo hili tunapenda tutafakari pamoja swali moja: je, mtu anayeona anaweza kujifunza kumheshimu kipofu kwa kuingia gizani?

Huko Ujerumani wako waliojaribu. Mwaka 1988, katika mji wa Frankfurt, Andreas Heinecke alianzisha maonyesho yanayofanyika katika giza totoro. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi na kijana mwandishi wa habari aliyepoteza macho katika ajali ya gari, akatambua kuwa yule aliyemhurumia alikuwa na mengi ya kumfundisha. Katika maonyesho hayo wageni hupewa fimbo, wakaingia wachache wachache. Gizani wanapita bustanini, wanavuka barabara, wananunua kinywaji. Anayewaongoza ni kipofu. Tangu mwaka 2000 maonyesho hayo yana nyumba ya kudumu mjini Hamburg, na yamefika katika nchi nyingi.

Sisi wa kambini giza tunalijua. Usiku usio na mwezi, betri za tochi zikiisha, kwenda chooni ni safari. Je, giza hilo limetufundisha heshima? Lenyewe peke yake, hapana. Giza peke yake hufundisha woga. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walieleza kwamba watu waliofungwa macho kwa muda mfupi waliwaona vipofu kuwa na uwezo mdogo kuliko walivyowaona wale ambao hawakufungwa. Aliyefungwa kitambaa huonja siku ya kwanza tu ya upofu. Hajui mwaka wa kumi.

Jambo hili sisi wakimbizi tunaweza kulielewa upesi. Mgeni akilala usiku mmoja katika hema, akarudi kwao kusema kwamba wakimbizi ni watu wa kulia tu, tutakubali? Ameonja usiku wetu wa kwanza. Hajaona tulivyojifunza kulima kipande kidogo, kufyatua matofali, kufundisha watoto chini ya mti. Huruma yake inatuumiza, kwa sababu inatuondolea utu. Basi tusimtendee kipofu vivyo hivyo.

Tofauti ya maonyesho yale ni kwamba kipofu ndiye mwalimu. Heshima huja tunapoona anachoweza. Hata Bartimayo, katika Marko sura ya 10, umati ulimkemea anyamaze, lakini Yesu alimwita akamuuliza anataka atendewe nini. Shida yake ilikuwa wazi kwa kila mtu, hata hivyo aliulizwa.

Kwa hiyo, ndugu, kwenye foleni ya mgao tuongee na kipofu mwenyewe, si na mtoto anayemwongoza. Tukimkaribia, tutaje majina yetu. Tusimvute mkono, tumwache ashike kiwiko chetu. Tusiache madumu ya maji njiani, maana Walawi 19:14 inakataza kumwekea kipofu kikwazo. Mtoto anayeshinda akimwongoza mzazi wake, majirani tupokezane zamu ili naye aende shule. Na kamati zinapochaguliwa, vipofu nao wapewe nafasi ya kuongoza, wala si ya kusaidiwa tu.

Jumapili ijayo, baada ya ibada, tukae nao tuwaulize. Watatueleza wenyewe.

Mungu awabariki.