KUACHA BIRO, KURUDI SHAMBANI: NANI ANALIPA?

 

Ijumaa mbili zilizopita, baada ya sala, ndugu mmoja alinisubiri penye viatu. Ni mhasibu katika kampuni moja hapa Lubumbashi, mwaka wa 22 sasa. Akaniambia: "Sheikh, nimechoka. Nyumba ninayo, mshahara unaingia, lakini moyo umekauka. Nataka kuacha kazi, niende kijijini nilime mahindi, nimwabudu Mungu kwa utulivu. Niombee dua." Siku ile sikumwombea. Nilimwambia aje tena na mke wake, naye akaondoka amenuna. Leo nataka ninyi wote msikie sababu.

Zamani kidogo alinijia mtu mwingine na maneno yale yale. Nilifurahi, nikainua mikono, tukasema Amina. Miezi mitatu haijapita, mke wake akaja kwangu analia. Habari ya kuhama aliipata pamoja na majirani, siku lori liliposimama mlangoni. Pesa yote ya mwisho wa kazi ilikuwa imekwisha kununua vyombo vya shamba, na watoto wawili walitolewa shuleni katikati ya mwaka. Mimi ndiye niliyeomba dua bila kuuliza swali hata moja. Kosa hilo ni langu, na sitaki kulirudia.

Watu wakitaka kuacha kazi kubwa hupenda kumtaja Imam Ghazali. Kweli, mwaka 1095 alikuwa mwalimu wa Nizamiya ya Baghdad, cheo ambacho wanazuoni wa wakati ule walikitamani. Akaichunguza nia yake, akaona anafundisha kwa ajili ya jina na heshima. Karibu miezi sita alikuwa akivutwa huku na huku, mpaka ulimi ukakataa kufundisha na chakula kikakataa kushuka. Ndipo akatoka, akaenda Sham. Hapo wengi hufunga hadithi. Lakini huyo Imam, alipogawa mali yake, alibakiza ya kuwatosha watoto wake. Tena mwaka 1106 alirudi kufundisha, huko Nishapur, kwa sababu aliogopa kwamba kule kujitenga kumekuwa starehe yake, nafsi inapumzika na kujilinda na maudhi ya watu. Alipoondoka aliiuliza nia yake, na aliporudi aliiuliza tena.

Basi wewe unayesema umechoka, je, umechoka na nini? Kama kazi yenyewe ni ya kuandika hesabu za uongo, toka hata leo, na sisi tutakusaidia unga. Kama ni mkubwa wa biro anayekudharau, fahamu kwamba na kijijini wadharau wapo.

Sisemi haya kwa wale walioondolewa na njaa. Miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari, na pesa ilitoka Benki ya Dunia. Walikuwa na miezi mingi bila mshahara. Mtu wa namna hiyo akishika jembe, usimhubirie utulivu wa shamba, mpe mbegu. Lakini ndugu yetu mhasibu anachagua mwenyewe, hakuna anayemsukuma. Kwa hiyo maswali yake ni mengi zaidi.

Swali ninaloliogopa kuliko yote ni la ardhi. Mtu wa mji hukiwaza kijiji kama mahali patupu, pa kwenda kuosha moyo. Kijiji kina wenyewe! Pori unaloliona limelala, fulani alililima miaka sita iliyopita na ameliacha lipate nguvu. Pale mama fulani anaokota uyoga, na pale watu wanachoma makala. Sasa, tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni ya Serikali, na haki ya kuitumia hupatikana kwa karatasi. Mwanakijiji ana neno la chefu na makaburi ya babu zake. Wewe mhasibu unajua karatasi, unajua biro gani uingie na mlango gani ugonge. Unaweza kupata hekta hamsini kwa haki ya kanuni, halafu mwenye pori akawa kibarua wako, anakuogopa kama wewe ulivyomwogopa direkta wako. Mtume, rehema na amani zimshukie, alionya kwamba anayechukua shubiri moja ya ardhi kwa dhuluma atavishwa shingoni ardhi saba. Shubiri moja, ndugu zangu, si hekta.

Mambo mengine ni ya hesabu, na mhasibu atayaelewa. Mahindi hapa kwetu hupandwa mvua za Novemba zikishika, huvunwa kuelekea Aprili, na mihogo hutaka mwaka au zaidi. Miezi hiyo yote hakuna mshahara. Mavuno yakifika wasaki tano, karibu kilo 650, ushuru wa Mungu ni sehemu moja ya kumi kwa shamba la mvua, na nusu yake ukimwagilia kwa gharama. Na Ijumaa utasali wapi? Madhehebu yetu ya Shafi yataka wanaume 40 wakaaji wa pale. Sikatazi. Ila anayekwenda kumtafuta Mungu aulize kwanza kama msikiti upo, na nani atawasomesha watoto.

Jumanne ndugu yetu alirudi, na mke wake. Mama yule alisikiliza, akatulia, kisha akasema: "Mimi nimezaliwa kijijini, shamba silikatai. Lakini binti yetu yuko mwaka wa sita, afanye kwanza egzamini ya Serikali. Na pori lile, wewe baba fulani, umewaona wenyewe?" Mume akasema amemwona chefu. Mama akasema: "Mimi nauliza wanaolilima."

Atakwenda huko juma lijalo bila mfuko wa pesa, akae siku kumi, aulize. Barua yake ya kuacha kazi bado haijapelekwa.