Halizimi

Gari langu, Mazda MX-5 ya mwaka 1991, lilianza kuzima kila niliposimama kwenye taa za Mwenge. Bila kukanyaga mafuta, injini yake hutakiwa kuzunguka kama mara 850 kwa dakika; yangu ilipanda, ikashuka, ikazima. Fundi akalegeza skrubu ya hewa. Mizunguko ikafika 1,200, gari likatulia.

Kijana aliyekuja kulinunua akaniuliza, "Kaka, huwa linazima?"

"Halizimi."

Nilisema kweli, lakini usiku sikulala vizuri. Kweli inayosemwa ili mtu asiulize swali la pili ina tofauti gani na uongo?

Asubuhi niliirudisha skrubu ilipokuwa, nikaminya mipira ya hewa mmoja baada ya mwingine. Nilipominya ule wa nyuma ya injini, mngurumo ukatulia. Ulikuwa na ufa, unavuta hewa isiyopita kwenye kipimo, hivyo mafuta yakawa hayatoshi hewa inayoingia.

Nilimpigia yule kijana, nikamweleza yote.

"Mbona hukuniambia jana?"

Hakuuliza kuhusu skrubu. Lakini naamini muuzaji anadaiwa pia jibu la swali ambalo mnunuzi angeuliza kama angejua.