Ajali Haina Kinga? Fundisho la Theluji ya Karisimbi



Mvua ndefu za Rwanda hunyesha kuanzia Machi hadi Mei. Pasaka nayo huangukia humo humo, na ndipo kwaya zetu zinapopata mialiko mingi. Watu hukusanyika Nyabugogo, Kigali, na mabegi na ngoma, wakielekea Musanze, Rubavu au Karongi, njia za milima zenye kona nyingi. Mara nyingine wingu ni jeusi, na mtu mmoja anauliza kama si vizuri kungoja. Atajibiwa haraka: "Bwana atatulinda." Na ikitokea msiba, matangani tutasikia neno jingine: "Ajali haina kinga, ni mapenzi ya Mungu."

Tunapenda kuuliza pamoja nanyi: maneno hayo mawili ni imani, au ni njia ya kufunga mjadala kabla haujaanza?

Tuanze na theluji. Wengi hudhani kwamba theluji ni jambo la Ulaya na Marekani, lakini imewahi kuua watu hapa hapa. Mlima Karisimbi una urefu wa mita 4,507. Jina lake linatokana na simbi, yaani kauri nyeupe, kwa sababu kilele chake mara kwa mara huonekana cheupe. Mwaka 1908, wakati nchi hii ilipokuwa chini ya Wajerumani, msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulikuwa ukizunguka eneo la maziwa makuu. Mtaalamu wake wa miamba, Egon Kirschstein, alipanda Karisimbi na wapagazi wake. Dhoruba ya mvua ya mawe na theluji ikawakuta huko juu. Wapagazi 20 wakafa.

Fikirini jinsi baridi inavyofanya kazi. Kila tunapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa kadiri ya digrii 6. Kigali iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo siku ambayo hapa ni digrii 20, kule kileleni ni kama digrii 2 tu. Ongeza upepo, ongeza nguo zilizolowa, ongeza mzigo kichwani na jasho la kupanda. Mwili huishiwa joto, miguu hukataa, akili hulegea, na mtu hutamani kulala tu. Inasimuliwa kwamba baadhi ya wapagazi walijilaza chini wakakata tamaa ya kuendelea. Aliye mbali anaweza kusema kwamba watu hao walijiachia tu. Sisi tunasema baridi ilikuwa imekwisha kuwashinda.

Hatusemi kwamba Kirschstein alitaka wafe. Tunauliza jambo dogo tu: ni nani aliyesema "twende"? Si wapagazi. Wao hawakuwa na haja ya kujua miamba ya kilele. Aliyekuwa na haja hiyo ndiye pia aliyekuwa na uwezo wa kuchagua siku na saa ya kugeuka. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama huuona mwepesi, kwa kuwa hauko kichwani pake.

Pengine ndugu mmoja atatujibu kwamba uhai na mauti viko mikononi mwa Mungu. Ni kweli, na hatuondoi neno hata moja. Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka sura ya 13, aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kusema kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Basi tusimhukumu aliyekufa njiani. Lakini Bwana huyo huyo, aliposimamishwa juu ya kinara cha hekalu na kuambiwa ajitupe kwa kuwa malaika watamdaka, alikataa. Aliita jambo hilo kumjaribu Mungu. Kama Mwana wa Mungu hakujitupa, sisi tunapata wapi ruhusa ya kuwatupa wengine?

Tusome pia Matendo ya Mitume sura ya 27. Paulo alikuwa mfungwa. Hakuwa na hiari ya kusafiri au kubaki. Walipofika mahali paitwapo Bandari Nzuri, majira yalikuwa yamepita na bahari imeanza kuwa ya hatari. Paulo akawaonya. Akida akawasikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko yeye. Ndani ya merikebu hiyo mlikuwa na ngano. Mwenye mali alikuwa na sababu zake za kutokaa. Basi dhoruba ikaja, ngano ikatupwa baharini, merikebu ikavunjika, na watu wote 276 wakaokoka kwa rehema ya Mungu. Angalieni hapo: rehema ile haikugeuza ushauri mbaya kuwa mzuri. Paulo aliwaambia waziwazi katikati ya dhoruba kwamba iliwapasa kumsikiliza. Hakuna aliyemwita mtu wa imani haba.

Yapo maafa ambayo hakuna aliyesema "twende". Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mvua kubwa iliziangukia wilaya za magharibi na kaskazini. Mto Sebeya ukafurika kule Rubavu, vilima vikaporomoka, na watu zaidi ya 130 wakapoteza maisha. Wengi walikuwa nyumbani, wamelala. Hapo tunalia na wanaolia, wala hatutafuti wa kulaumu kwa ajili ya mawingu. Lakini kesho yake, wakati udongo bado unateleza na barabara zimezibwa, kila safari iliyoanza ilianzishwa na mtu. Mvua haina amri ya kuondoka, mwanadamu anayo.

Lipo pia jambo ambalo sisi wakimbizi hatuwezi kulipita kimya. Wengi wetu tulisafiri usiku, mvuani, na watoto mgongoni, kwa sababu kubaki kulikuwa hatari zaidi. Hata leo yuko mama anayepanda pikipiki asubuhi ya mvua kwa kuwa asipouza mboga zake watoto hawali. Hao hatuwezi kuwaambia "tahadhari kabla ya hatari" kana kwamba hawajui. Ndiyo maana tunasema jukumu halilingani. Asiye na hiari anaomba ulinzi, na sala yake ni ya haki. Mwenye hiari ya kuahirisha, naye anachukua sala hiyo hiyo na kuifanya badala ya kufikiri, anatumia imani ya wengine kulipia haraka yake.

Ndugu zetu waliopelekwa kuishi Marekani, Canada na Ulaya wanalijua hilo kwa namna nyingine. Huko theluji ya mwisho wa msimu ndiyo yenye hila. Watu wamekwisha kubadilisha matairi ya majira ya baridi, jua la mchana linayeyusha, usiku maji yanaganda tena, na madaraja hutangulia kuwa barafu kabla ya barabara. Na huko pia, anayepaswa kufika kazini usiku si yule anayepanga zamu.

Basi tunapendekeza mambo machache. Kiongozi anayeita safari asikilize kwanza utabiri wa Meteo Rwanda na taarifa za polisi kuhusu barabara. Dereva akisema "tungojee," asihesabiwe muda wala kunung'unikiwa. Na kijana wa kwaya anayeogopa aruhusiwe kubaki bila kuambiwa kwamba hana imani. Huenda yeye ndiye Paulo wa merikebu hiyo. Wenyeji wetu hawatakasirika tukifika Jumapili inayofuata.

Kuhusu methali, tunaikubali nusu yake. Zipo ajali zisizo na kinga. Lakini neno hilo lisemwe na mfiwa, kwa kujifariji. Aliyetoa amri ya kuondoka asilitumie kujikinga.

Wale 20 wa Karisimbi hawakuulizwa. Mungu atupe viongozi wanaouliza kabla ya kusema "twende", na atulinde sote njiani. Amina.