Mwalimu wa Lugha Ugenini

Je, mtu aliyezaliwa katika lugha aweza kusafiri hata nchi ya watu wengine akawafundisha lugha hiyo bila ya kujifunza ualimu? Swali hili huulizwa zaidi juu ya Kiingereza, maana Kiingereza ndicho kinachosafiri kuliko lugha nyingine, na vijana wengi wa Ulaya na Marekani hufuatana nacho. Wako wasemao kuwa mtu hahitaji cheti ili atoe alicho nacho, kama mwenye kisima asivyohitaji cheti ili awatekee maji majirani. Wako wengine wasemao kuwa pasipo cheti hapana mwalimu. Mimi nimekaa pande zote mbili za darasa hilo: nimefundishwa na mgeni asiye na cheti, na baadaye nimekuwa mgeni asiye na cheti. Kwa hiyo naomba msomaji anistahimili nikianza na mambo yaliyonipata mwenyewe.

Nilizaliwa wilaya ya Ngara. Mama yangu alinilea kwa Kihangaza. Kiswahili nilikikuta shuleni, kama mtu akutavyo nguo mpya isiyomkaa vema mabegani. Aliyenivisha nguo hiyo alikuwa mmoja wa walimu waliotokana na Azimio la Musoma la Novemba 1974. Serikali ilitaka kila mtoto aliyefikia umri wa kusoma awe shuleni ifikapo 1977, na walimu hawakutosha. Basi vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafundisha huku wakifundishwa, kwa masomo ya posta na ya redio na kwa muda mfupi chuoni. Watani wakazigeuza herufi za mpango ule, U.P.E., zikasomeka Ualimu Pasipo Elimu. Nami nilicheka mzaha huo nilipokuwa kijana, bila ya kukumbuka kuwa Kiswahili nilichouchekea nilikipata kwa mmoja wa wale waliochekwa.

Mwalimu yule alikuwa Mhangaza kama sisi. Kiswahili hakukinyonya, alikifuata kwa miguu, na kwa sababu hiyo alizijua mashimo za njia. Alijua ni wapi ulimi wetu utajikwaa kati ya r na l, akatusemesha kula na kura, kula na kura, mpaka wapitao barabarani wakadhani tumerukwa na akili. Mkaguzi alipokuja, aliketi nyuma ya darasa na daftari lake, kisha wakatoka nje wawili, wakasimama chini ya mti wakazungumza kwa muda mrefu. Sisi tulidhani mwalimu wetu anagombezwa. Huenda aligombezwa kweli. Lakini juma lililofuata alifundisha vizuri zaidi.

Aprili 1994 ilinikuta darasa la sita. Kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakapiga kambi Benaco. Kilima kilichokuwa na majani asubuhi kilikuwa mji jioni. Shule zikaanzishwa chini ya turubai, na walimu wakatafutwa miongoni mwa wakimbizi wenyewe. Hakuna mwenye akili aliyewadai vyeti kwanza, kwa kuwa vyeti vingi vilibaki katika nyumba zisizorudika. Nayataja haya mapema ili nisidhaniwe kuwa mtumwa wa karatasi. Nyumba iwakapo moto, kila mwenye ndoo ni mzima moto.

Wanyarwanda walirudishwa kwao Desemba 1996, lakini Warundi walibaki Lukole, na watu wa misaada walibaki pamoja nao. Mwaka 1998 nilikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya wilaya ya Biharamulo. Siku moja akaletwa darasani kijana wa Kizungu aliyekuwa na rafiki zake katika kazi za wakimbizi, akasema yuko tayari kutufundisha Kiingereza kwa muda wa miezi mitatu, bure. Alikuwa mwema, mchangamfu, na hakuwa na kiburi hata kidogo. Tulimpenda. Tuliamini kuwa Kiingereza chenyewe kimekuja kwa miguu yake, kimeketi juu ya meza, kinatikisa viatu.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, mwenye diploma ya chuo cha ualimu, alimpisha. Siku moja kijana yule alimsahihisha tamko la neno mbele yetu. Alifanya hivyo kwa tabasamu, kama mtu amwondoleaye mwenziwe unyasi begani. Darasa lote likacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Tangu siku ile, mwalimu wetu aliposema neno, tulitazamana kwanza.

Lakini kuna jambo jingine la siku zile nililolielewa nilipokwisha kuwa mtu mzima. Katika Kihangaza na katika Kiswahili, mtu mmoja anayetajwa ni a- tu, akiwa mume au mke. Kiingereza humtenga mwanamume kwa neno lake na mwanamke kwa neno lake. Sisi tulizichanganya kila siku, tukamfanya mama kuwa baba na dada kuwa kaka. Mwalimu wetu alijua chanzo cha kosa, akatutungia mazoezi ya kulitibu. Kijana yule alishangaa tu, na mmoja wetu alipomwuliza kwa nini kitenzi cha Kiingereza huongezewa s akitajwa mtu mmoja wa tatu, alifikiri kidogo, akajibu: Ndivyo tusemavyo. Jibu lile lilitupendeza mno. Miezi mitatu ilipokwisha aliondoka, tukamlilia. Katika mtihani wa kidato cha nne wengi walianguka Kiingereza. Sitasema kuwa yeye ndiye sababu, maana sababu za kuanguka Kiingereza katika nchi yetu ni nyingi na za zamani. Nasema kuwa mwaka na nusu uliobaki tulikuwa na mwalimu tusiyemwamini, na aliyetuondolea imani hiyo hakuwapo kuilipa.

Miaka tisa baadaye ikawa zamu yangu. Nilikuwa mwanafunzi Marekani, na chuo kimoja huko kikanipa darasa la Kiswahili. Hakuna aliyeniuliza kama nimejifunza kufundisha lugha kwa wageni. Natoka Tanzania, basi Kiswahili ni changu. Hivyo ndivyo ilivyodhaniwa, nami sikumwambia mtu kuwa lugha ya mama yangu ni Kihangaza. Juma la nne binti mmoja aliinua mkono. Kama rafiki ni mtu, akauliza, na twasema rafiki amekuja, kwa nini twasema rafiki yangu wala si rafiki wangu? Wasomaji wa jarida hili wana jibu. Mimi siku ile sikuwa nalo. Nilifuta ubao uliokuwa safi tayari, nikasema: Ndivyo tusemavyo. Na darasa likapendezwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kiini cha swali. Mnunuzi wa kitambaa hukishika kitambaa akakivuta, akajua kama ni imara. Mnunuzi wa maziwa huonja. Mwanafunzi wa lugha ya kigeni hana cha kuonjea, maana ulimi wa kuonjea ndio anaokuja kuutafuta. Mtoto wa Rulenge hawezi kujua kama Kiingereza alichopewa ni kizima au ni kibovu. Atakuja kujua siku ya mtihani, au siku ya kutafuta kazi, na siku hiyo aliyempa hayupo. Mzazi wake hawezi kumsaidia, naye hajui. Mahali ambapo anayepokea hawezi kupima, hapana budi awepo mtu mwingine apimaye kwa niaba yake. Cheti, kabla ya kuwa sifa ya mwalimu, ni neno la mpimaji huyo. Si hoja kuwa mwalimu ni mwema au ana nia safi: nia safi yampendeza anayetoa, na anayepokea hudhurika vilevile.

Wakubwa wetu walilijua hili. Walimu wa Kimarekani walipoanza kuletwa Afrika Mashariki mwaka 1961, wale waliokuwa na digrii bila ya mafunzo ya ualimu walipelekwa kwanza Makerere wakasomee diploma. Waliletwa kwa sababu ya uhaba mkubwa, na hata hivyo haraka haikuruka hatua hiyo. Nayo Sheria ya Elimu ya 1978 ya Tanzania haikumruhusu mtu kufundisha shuleni pasipo kusajiliwa au kupewa leseni. Sheria haikusema kuwa mgeni mcheshi asamehewe. Tuliomsamehe ni sisi, kwa sababu ya ukarimu, na nasikitika kusema, kwa sababu ya rangi yake.

Katika mambo haya nchi nyingine zimetupita kwa ubaya. Korea Kusini viza ya mwalimu wa Kiingereza kwa kawaida hupewa raia wa nchi saba tu. Mtanzania au Mkenya aliyefundisha fasihi ya Kiingereza chuo kikuu kwa miaka ishirini hamo katika saba hizo. Kijana aliyehitimu jana digrii ya biashara, na pasipoti yake ni ya mojawapo, yumo. Huko pasipoti imefanywa cheti. Wala sioni tofauti kubwa kati ya hilo na chuo kilichonipa mimi darasa.

Nitaambiwa: Cheti nacho husema uongo. Ni kweli. Aprili 2017 Rais Magufuli, aliyewahi kuwa mbunge wa Biharamulo Mashariki, alipokea mjini Dodoma orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Wengi wa watu tuliowafahamu walikuwa na jirani au ndugu katika masaibu hayo. Kumbuka mwalimu aliyefundisha miaka ishirini kwa cheti cha mtu mwingine, na wanafunzi wake wakafaulu. Amemdhulumu nani? Si wanafunzi, naona. Amemdhulumu yule aliyeanguka mtihani kwa haki, akarudi kulima, na hakutafuta jina la kuazima. Swali lililonisumbua zaidi ni hili: katika miaka hiyo ishirini, nani aliingia darasani mwake kumtazama? Kama aliingia, alipima kazi ikawa nzuri, na jambo hilo lingefaa kuandikwa. Kama hakuingia mtu, basi wale waliokuwa na vyeti vya kweli nao hawakutazamwa, na karatasi zao zimekuwa zikisema jambo la zamani sana. Vivyo hivyo kwa vijana wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya mwezi mmoja na leseni shule za kata zilipoongezeka baada ya 2004. Watu wakawaita vodafasta. Wako miongoni mwao waliokuja kuwa walimu hodari, lakini aliyeachwa peke yake siku ya kwanza aliachwa peke yake na watoto arobaini, hamsini, themanini.

Mwaka jana nilikwenda Ngara kwa mazishi, nikarudi kwa njia ya Biharamulo, nikamtembelea mwalimu wangu wa Kiingereza. Amestaafu, ana migomba na mbuzi. Nilitaka kumwomba radhi kwa kicheko cha 1998, na nilikuwa nimeitayarisha hotuba yangu tangu Lusahunga.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani akatoka na daftari kuukuu lenye jalada la buluu. Kurasa zake zilikuwa na maneno ya Kiingereza kwa safu, na pembeni matamshi yake kwa alama alizobuni mwenyewe. Miezi ile mitatu yote, akasema, kila alipokuwa hana kipindi aliketi nyuma ya darasa letu akiandika. Sisi hatukugeuka hata mara moja tukamwona. Jioni alimweleza kijana yule mazoezi ya kutibu makosa yetu, na kijana alimrekebishia matamshi. "Alikuwa msikivu," akasema. "Angekaa mwaka mmoja zaidi ningemfanya mwalimu. Sasa wewe, mwanangu, huko Marekani ulikokuwa, nani alikaa nyuma ya darasa lako?"

Nikamwambia hakukaa mtu.